Kusafisha viwanja vyenye sumu mjini: ruzuku, mfuko wa kuzunguka au mchafuzi alipe? Ulinganisho kwa watu wa Mbeya na Iringa

Katikati ya Mbeya kiwanja sasa hivi unatafuta kwa tochi, watu wanapanda kujenga kwenye miteremko ya Loleza au wanasogea mpaka Uyole na kupita, huku mjini kwenyewe kuna maeneo makubwa tu yamelala. Mnayajua. Yadi ya gereji iliyotumika miaka na miaka mpaka udongo umekuwa mweusi wa oili, sheli iliyofungwa na matenki bado yako chini, ghala la ushirika lililokuwa linawekwa dawa za kahawa na tumbaku, kiwanda kilichobinafsishwa miaka ya 1990 kikafa na mashine zikaondoka ila kilichomwagika kikabaki. Iringa hivyo hivyo, na Mafinga na Makambako wanakuja nyuma. Mwenye hela anaogopa kujenga pale, na asiye na hela anaingia anajibanza, analima mchicha hapo hapo na watoto wanacheza hapo hapo.

Kila ishu hii ikiguswa watu wanasema serikali itoe hela isafishe. Nakubaliana nao, ila hela ya umma iko ya aina tofauti na kila aina inakuja na masharti yake, na halmashauri ikichagua vibaya inaweza kuingia deni kwa kiwanja ambacho mwisho wa siku anafaidi mtu binafsi. Kwa hiyo naziweka hapa njia tatu kubwa zikae ubavu kwa ubavu, pamoja na moja ndogo ya kodi, ili wewe diwani, mwenyekiti wa mtaa, afisa mazingira au mwananchi tu unayeishi jirani na eneo kama hilo ujue unadai nini.

Kabla ya njia yoyote: hela ya kupima udongo

Hili naliweka mbele kwa sababu ndipo tunapokwama. Huwezi kulinganisha ruzuku na mkopo kama hujui chini kuna nini. Inaweza kuwa oili imeingia futi mbili tu na unamaliza kazi kwa kuchimbua na kutibu udongo, au inaweza kuwa dizeli imeshuka mpaka kwenye maji ya visima vya majirani, na hapo ni habari nyingine kabisa. Bila vipimo kila mtu anataja bei yake kichwani.

Wamarekani hili walilielewa mapema. Shirika lao la mazingira, EPA, lilianza kutoa hela za majaribio kwa miji katikati ya miaka ya 1990, halafu mwaka 2002 ikapitishwa sheria kabisa ya maeneo ya aina hii, na kwenye mfumo wao ruzuku ya kupima imetenganishwa na ruzuku ya kusafisha. Ya kupima mji unaweza kuiomba hata kwa kiwanja ambacho si cha kwake, na ni hela ya bure, hairudishwi. Ya kusafisha ni lazima muombaji awe anamiliki eneo na asiwe yeye ndiye aliyelichafua. Ona jinsi walivyopanga: hatua ambayo hakuna mfanyabiashara anataka kuilipia, kwa sababu majibu yanaweza kumharibia biashara, ndiyo hiyo umma unaibeba.

Huku kwetu kupima hakuhitaji kusubiri mfadhili. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini Mbeya, Mkemia Mkuu wa Serikali naye ana ofisi ya kanda hapo hapo. Halmashauri ikitenga hela kidogo kwenye mapato ya ndani kila mwaka kwa ajili ya sampuli, maeneo yanaweza kupimwa moja baada ya lingine. Cha kupimwa kinategemea historia ya eneo. Gereji na sheli unatafuta mafuta na madini ya risasi, walipokuwa wanafungua betri unatafuta risasi zaidi, ghala la dawa unatafuta viuatilifu vya zamani kama DDT, palipotibiwa nguzo unatafuta aseniki, kromu na shaba. Wazee wa mtaa ndio wenye ramani ya kweli hapa, wao wanakumbuka pipa lilikuwa linakaa wapi, na ukiwauliza kwanza unaokoa hela nyingi ya sampuli za kubahatisha.

Tena pima ukiwa umeshajua unataka kujenga nini. Stendi ya bodaboda yenye zege juu haihitaji udongo msafi kama wa chekechea au bustani ya mboga. Anayesema tusafishe mpaka pawe kama msituni anaongeza gharama bila sababu, na anayesema tumwage kifusi juu tuendelee anaweka watu hatarini. Matumizi ndiyo yanaamua usafi wa kiasi gani, na usafi ndio unaamua hela ya kiasi gani.

Ruzuku

Uzuri wake ni wazi, hulipi riba na hurudishi. Inafaa pale ambapo afya ya watu iko hatarini na kiwanja chenyewe hakina thamani ya kulipia usafi wake. Mwaka 2021 Marekani kupitia sheria yao kubwa ya miundombinu waliweka dola bilioni 1.5 kwa maeneo haya, na EPA wanasema kila dola moja ya ruzuku zao huvuta karibu dola 20 kutoka kwa wengine, wawekezaji, mabenki, majimbo. Hiyo ni hesabu yao wenyewe na miji yao ina wawekezaji wengi kuliko sisi, ila mantiki inaeleweka: umma ukiondoa hofu, hela binafsi zinafuata.

Ubaya wa ruzuku ni kwamba ipo mwaka huu, mwakani haipo, na anayeitoa ndiye anachagua. Kwetu hela kubwa ya mji inakuja kupitia miradi kama ule wa miji ya kimkakati, TSCP, ulioanza 2010 na Mbeya ikiwemo, na sasa TACTIC wenye miji 45. Kitaifa huo ni mkopo wa Benki ya Dunia, ila kwa halmashauri unafika kama mradi uliokwisha lipiwa, ndiyo maana nauweka kwenye kundi hili. Tatizo ni kwamba kwenye orodha ya kazi utakuta barabara, mifereji, stendi, soko, taa, na "kusafisha udongo" kama kazi inayojitegemea ni nadra sana kuikuta.

Lakini kuna mlango. Miradi ya Benki ya Dunia inabanwa na masharti ya mazingira na jamii, na uchafuzi umo ndani yake. Kwa hiyo kama mji unataka kujenga soko, peleka pendekezo la kulijenga kwenye yadi iliyochafuka badala ya kumega uwanja wa wazi, na vipimo na usafishaji viingie ndani ya gharama za soko tangu kwenye usanifu. Hapo unaokoa ardhi mbili kwa mpigo. Ukisubiri mkandarasi yuko saiti ndipo uanze kusema kuna oili chini, mkataba utakuwa umeshafungwa na kila kitu kitaitwa kazi ya ziada.

Mfano wa kutuamsha uko kwenye reli yetu wenyewe. Mbeya tuna Kabwe yetu, pale njiani kati ya Mafiati na Mwanjelwa, ila ukipanda TAZARA mpaka mwisho, Kapiri Mposhi, hauko mbali na Kabwe ya Zambia. Huko walichimba madini ya risasi na zinki tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900 mpaka mgodi ukafungwa 1994, vumbi la risasi likabaki kwenye nyua za watu. Hela za umma zimeingia kwa awamu, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na mradi wa kwanza, halafu Desemba 2016 Benki ya Dunia ikapitisha mwingine wa dola milioni 65.6 uliohusu Kabwe na miji mingine ya migodi. Walifanya vitu vya maana, kupima damu za watoto, kutibu, kufukia udongo wa baadhi ya nyumba kwa udongo safi. Lakini milima ya mabaki ya mgodi ilikuwa bado ipo, upepo unavuma, na watu wakaendelea kuchimbachimba humo kutafuta riziki, kwa hiyo uwanja uliosafishwa unachafuka tena. Ruzuku isiyogusa chanzo inaisha na sumu inabaki. Mtu yeyote anayepanga hela ya kusafisha mtaa wa chini wakati gereji za juu bado zinamwaga oili mferejini, na Mbeya hii na mvua zake za Novemba mpaka Aprili, aiangalie Kabwe kwanza.

Mfuko wa kuzunguka

Hapa umma unaweka hela mara moja, kiwanja cha kwanza kinakopeshwa kinasafishwa, kinauzwa au kinapangishwa, hela inarudi, inaenda kiwanja cha pili. Marekani wanayo pia kwenye sheria ile ile, EPA inaupa mji au jimbo mtaji, mji unakopesha kwa riba ndogo au bila riba.

Wengine wanasema huku hilo haliwezekani. Mbona tumeshafanya, sema si kwenye udongo wenye sumu. Programu ya KKK, Kupanga, Kupima na Kumilikisha, ilikuwa hivyo hivyo, Wizara ya Ardhi inakopesha halmashauri bila riba, halmashauri inapima viwanja, inauza, inarejesha ili mwenzake naye akope. Utaratibu tunaujua, maafisa ardhi wanaujua, mikataba ipo. Ukiongeza kifungu kinachosema sehemu ya mkopo inaweza kusafisha eneo lililochafuka kabla ya kupimwa viwanja, umeshapata mfuko bila kuunda chombo kipya.

Mimi hii ndiyo naipenda kuliko zote kwa viwanja vya katikati ya mji, kwa sababu haiombi huruma ya mtu. Ila ina masharti mawili magumu. La kwanza, thamani ya kiwanja kikishasafishwa lazima izidi gharama ya kukisafisha, tena izidi kwa nafasi, maana udongo una tabia ya kuleta mambo mapya ukianza kuchimba. Eneo la Mwanjelwa au Uhindini linaweza kubeba hesabu hiyo, eneo la pembezoni haliwezi, na ukililazimisha halmashauri inabaki na deni. La pili ni nidhamu. Hela ya mauzo ikiingia kwenye akaunti ya jumla, mwaka wa fedha unaisha, kuna madawati, kuna zahanati, kila mtu ana hoja ya kweli, na mfuko unakauka. KKK yenyewe ilisumbuliwa na halmashauri zilizochelewa kurejesha. Akaunti yake iwe peke yake na madiwani wasomewe salio kila robo mwaka, bila hivyo msianze.

Msiichanganye na mikopo ya asilimia 10, ile ya nne-nne-mbili kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na ni mikopo isiyo na riba ya vikundi kufanya biashara. Nimewahi kusikia pendekezo kwamba vijana wapewe hiyo wakasafishe eneo. Hapana jamani. Kikundi cha vijana kisibebeshwe deni la sumu ya mtu mwingine. Ila eneo likishakuwa safi, vibanda, kiwanda cha matofali, kuosha magari kwenye sakafu yenye mfumo wa kunasa oili, hapo mkopo wa kikundi unaingia vizuri kabisa.

Mchafuzi alipe

Kwa haki hii ndiyo ya kwanza. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema hivyo, anayechafua alipe, na kuna amri ya kurejesha mazingira anayoweza kupewa mtu. Tatizo ni kumpata, na akipatikana awe na kitu cha kulipa.

Marekani baada ya skendo ya Love Canal, mtaa uliojengwa juu ya taka za kemikali, walipitisha sheria ya Superfund mwaka 1980. Mchafuzi anafuatwa, na asipopatikana kuna mfuko uliokuwa unajazwa na kodi ya viwanda vya mafuta na kemikali. Ile kodi iliisha muda wake 1995 na haikurudishwa mpaka sheria ya 2021 kwa kemikali na ya 2022 kwa mafuta, katikati hapo mzigo ukahamia kwa walipa kodi wa kawaida. Yaani hata kanuni nzuri ikikosa chanzo cha hela cha kudumu inageuka kuwa ruzuku bila mtu kutangaza. Sisi sheria yetu iliunda Mfuko wa Taifa wa Mazingira, na kwa maoni yangu faini za uchafuzi zinazotozwa huku kanda zingerudi kwa sehemu kusafisha huku huku.

Na muda. Jirani zetu Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014 baada ya kuwatia watu sumu ya madini ya risasi mwilini. Mahakama ya mazingira 2020 ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3 na eneo lisafishwe, 2023 rufaa ikatengua, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha. Miaka kumi tangu kifungwe. Ushindi mkubwa, na lawama hazikuishia kwa wenye kiwanda tu, taasisi za serikali nazo ziliwajibishwa. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka miwili wakati ule sasa yuko darasani, na risasi haimsubiri jaji, inaharibu ubongo mapema.

Kwa hiyo fuateni mchafuzi, ila msifunge kiwanja mkisubiri hukumu. Umma utangulie kuziba hatari, kuzungushia uzio, kufunika, kuwapa watu maji safi, huku risiti zinatunzwa ili mchafuzi adaiwe baadaye.

Msamaha wa kodi

Uingereza tangu 2001 kampuni ikisafisha ardhi ambayo haikuichafua yenyewe inaruhusiwa kupunguza kwenye faida inayotozwa kodi asilimia 150 ya gharama yake. Ni nzuri kwa nchi yenye kampuni nyingi kubwa zinazolipa kodi ya faida. Kwa mji kama Iringa ambapo wajenzi wengi ni watu binafsi wanaojenga kidogo kidogo, itawafikia wachache sana.

Nani anabaki na ardhi?

Swali hili linapaswa kuulizwa kwenye kila njia, na ndipo tunapoibiwa kimya kimya. Ardhi yetu ni ya umma na mtu anapewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Sasa kama kiwanja kina hati ya mtu aliyekitelekeza, halafu umma ukakisafisha kwa ruzuku, kesho anarudi na hati yake anauza mara tano ya bei ya jana. Kwenye ruzuku, kwa hiyo, hati ishughulikiwe kwanza, ama irudi serikalini kwa kukiuka masharti ama mwenyewe asaini atarudisha sehemu ya ongezeko la thamani. Kwenye mfuko wa kuzunguka ni rahisi zaidi maana deni linakaa juu ya kiwanja. Kwenye mchafuzi alipe, kiwanja chenyewe kinaweza kuwa ndiyo mali pekee ya kukamata. Na vile viwanda vilivyobinafsishwa, someni mkataba wa mauzo kabla hamjagusa jembe, Msajili wa Hazina anayo kumbukumbu, mara nyingine mnunuzi alirithi na uchafu.

Sasa ningechagua nini wapi

Sheli ya zamani barabara kuu: mchafuzi kwanza, maana EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wana leseni na jina lipo. Asipopatikana, mfuko wa kuzunguka, kwa sababu kona ya barabara kuu inalipa. Matenki yatolewe, udongo wenye mafuta uchimbuliwe utandazwe kwenye eneo lililowekewa kizuizi chini, uchanganywe na samadi na kugeuzwa mara kwa mara ili bakteria wale mafuta. Hii kazi ya kugeuza udongo inafanywa na watu wa hapa hapa, haihitaji mtaalamu wa nje kila siku.

Ghala la viuatilifu: ruzuku, na ya kitaifa, halmashauri isijaribu peke yake. DDT haiozi haraka na haitakiwi kuchomwa kienyeji. Vikuge kule Kibaha dawa za msaada zilizokuja miaka ya 1980 ziliachwa kwenye banda likaanguka, udongo ukaharibika kwa miaka mingi. Baadaye Tanzania iliingia kwenye mpango wa Afrika wa kuondoa akiba za viuatilifu vilivyoharibika, hela zikatoka GEF (mfuko wa mazingira wa dunia), Benki ya Dunia na wengine. TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na NEMC ndio wa kuanzia nao.

Yadi za kutibu nguzo, Mafinga hasa: hapa mchafuzi yupo, anafanya kazi, anauza. Aseniki na kromu haviozi kabisa, ni kuvizuia visitoke, kwa hiyo umma usitoe hata senti kusafisha eneo la biashara hai. Kinachotakiwa ni dhamana ya mazingira, hela iwekwe kabla, ili siku akifunga yadi pawepo na cha kusafishia. Hili lifanyike sasa wakati soko la nguzo bado liko juu, akishafunga ni kesi ya miaka kumi tena.

Gereji za mtaani: hapa sitaki mafundi waumizwe. Hawana hela ya kulipa uchafu wa miaka yote hiyo, na ukiwafukuza wanaenda kuchafua sehemu ya pili. Ruzuku ndogo ya kupima, halmashauri iwape eneo lenye sakafu ya zege na shimo la kunasa oili, halafu eneo la zamani liingie mfuko wa kuzunguka.

Dampo la zamani lililofukiwa: ruzuku kupitia mradi wa mji, na msipime viwanja vya nyumba hata kama wanunuzi wamejaa ofisini. Takataka zinaendelea kuoza chini zinatoa gesi ya methane inayoweza kulipuka ndani ya chumba, na ardhi inatitia ukuta unapasuka. Funikeni kwa udongo wa mfinyanzi, wekeni mabomba ya kutoa gesi, mifereji ya kukinga maji ya mvua yasiingie ndani, na juu pawe uwanja wa mpira au nyasi tu, sio bustani ya mboga.